Geuza Chupa, Usome Lebo: Maneno ya Afisa wa Lishe kwa Wakazi



Siku hizi madukani kuna vinywaji vya protini vilivyo tayari kunywewa. Vijana wa mazoezi wanavinunua, na wazazi wengine huwapa watoto wakitaka waongeze kilo.

Kabla ya kutoa pesa, geuza chupa usome lebo ya nyuma. Angalia kama hesabu ni ya mililita 100 au ya chupa nzima. Chupa ya mililita 330 yenye gramu 8 za protini kwa kila mililita 100 ina takriban gramu 26. Sukari nayo huhesabiwa vivyo hivyo: gramu 5 kwa kila mililita 100 ni gramu 16 na nusu, yaani kama vijiko vinne vya chai.

Je, unaihitaji? Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 48 za protini kwa siku. Yai lina kama gramu 6, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15. Hapo umefika 37, na bado hujala omena wala ndengu.

Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza. Na mtoto asiyeongeza uzito, mlete kliniki apimwe. Huenda ana minyoo au maradhi mengine, na chupa haitakuambia.