MAPERA YETU YA RWEYANI
(Maneno ya Katibu wa Tawi siku ya kupima kahawa. Yamebandikwa kwa ajili ya wasiokuwapo.)



Leo kahawa tunaiacha kidogo. Tunasema habari ya mpera, mti ambao hapa kwetu hakuna aliyeupanda. Wapandaji ni ndege na watoto: wanakula, wanaacha mbegu, mti unaota rweyani na pembeni mwa vibanja. Kwa kuwa ni wa bure, tunaudharau. Tunakata mpini wa jembe, vijana wanakata panda ya manati, na mapera yanaoza chini. Halafu tunakwenda Muleba mjini kununua machungwa. Jamani!

Uzito kwa uzito, pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa. Tena chakula chetu ni ndizi na maharage. Maharage yana madini ya chuma yanayoongeza damu, lakini huingia mwilini kidogo tu. Ukila pera pamoja na mlo huo, yanaingia zaidi. Chai inafanya kinyume, inazuia. Basi mama mjamzito apewe pera, chai ingoje. Liwe limeiva, lioshwe, lisipikwe, maana moto unapunguza vitamini hiyo.

Sasa majani. Bibi zetu walichemsha majani machanga wakampa mwenye kuhara, na wengi wetu tuliyanywa tukapona. Hatuwacheki. Lakini msimu uliopita mtoto wa miaka miwili alihara siku tatu hapa hapa kijijini, huku sisi wakubwa tunabishana kama majani yamekolea au bado. Alifikishwa zahanati macho yameingia ndani, analia bila machozi. Alipona. Tuliona aibu, na Katibu mwenyewe alikuwamo katika ubishi ule.

Kinachomuua mtoto anayehara ni kuishiwa maji na chumvi mwilini, na majani ya mpera hayavirudishi vya kutosha. Apewe ORS kama pakiti inavyoelekeza, aendelee kunyonya, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapewe na vidonge vya zinki. Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Njiani aendelee kunywa.

Mpera ulio nyuma ya ghala hautakatwa. Watoto wa shule wachume, ila wasivunje matawi.