Tegemeo na Tegemezi: Kiswahili katika Ujenzi wa Programu Huria



Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani nimeileta hapa Morogoro, mbali na bahari, kwa sababu inabeba kiini cha mhadhara huu. Tumezoea kuitazama programu ya kompyuta ikielea. Leo naomba tuitazame inapoundwa, na hasa inaposhindwa kuundwa kwa kukosa ubao mmoja. Nitajaribu kuonesha kwamba suala hilo, linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, linaihusu pia taaluma ya Kiswahili.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake asilia uko wazi, hata mtu yeyote aweza kuuchukua na kuijenga programu hiyo mwenyewe. Hata hivyo, ni nadra programu kujitosheleza. Maktaba ya libpng, inayoshughulikia picha za aina ya PNG, huitegemea maktaba nyingine iitwayo zlib kwa kazi ya kubana data. Hapa Kiswahili kinatupa tofauti iliyo muhimu. Nyumbani mtoto ni tegemezi, na mzazi ni tegemeo. Vivyo hivyo, libpng ni tegemezi na zlib ni tegemeo. Nimewahi kuona maneno haya mawili yakichanganywa katika tafsiri, na msomaji akaachwa hajui kipi kinamhitaji mwenzake. Kinachokosekana wakati wa kujenga ni tegemeo.

Je, tegemeo lililokosekana hutafutwaje? Tuitazame milima ya Uluguru. Mto Ruvu, unaolipatia jiji la Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake, una vyanzo katika milima hii. Bomba likikauka mjini, chanzo cha tatizo huenda kiko mbali, juu ya mkondo. Makosa ya ujenzi nayo ni hivyo. Mwanafunzi huona kioo kimejaa mistari ya makosa, akaanza kuhangaika na mstari wa mwisho. Aghalabu mstari wa mwisho hutangaza tu kwamba kazi imekwama. Apande juu hadi kosa la kwanza, na hatua ya usanidi ikishindwa, asome faili ya config.log, ambamo kila jaribio huandikwa.

Kosa hilo la kwanza huangukia mara nyingi katika mafungu matatu. La kwanza, chombo cha kujengea hakipo: kompyuta husema kwamba amri haikupatikana. La pili, kompaila hulalamika kwamba faili fulani yenye kiishio cha h haipo. Hili huwatatiza wengi, kwani maktaba yenyewe imo ndani ya kompyuta. Ukweli ni kwamba kutumia maktaba na kujengea juu yake ni mambo mawili. Katika mfumo wa Debian, kwa mfano, faili za kujengea huwekwa katika kifurushi cha pekee, ambacho jina lake huishia na dev. Katika Fedora huishia na devel. La tatu, kompaila humaliza kazi yake, lakini hatua ya kuunganisha vipande haiioni maktaba. Baada ya kusakinisha kilichopungua, usanidi urudiwe tangu mwanzo, kwani majibu ya zamani yanaweza kuwa yamehifadhiwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, makosa hayo yana heri, kwa kuwa yanapiga kelele. Lipo kosa linalonyamaza, nalo ndilo linalokihusu Kiswahili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mwanafunzi mmoja hapa Morogoro akijenga programu ndogo ya kuhariri matini, kutoka msimbo uliochukuliwa moja kwa moja katika hazina ya wasanidi wake. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwamo. Ujenzi ulikamilika bila kosa hata moja, lakini programu ilipofunguliwa, menyu zote zilikuwa za Kiingereza. Tulirudi kwenye muhtasari wa usanidi, tukakuta mstari mmoja ukisema kwamba lugha nyingine hazitashughulikiwa. Chombo cha msgfmt, kilichomo katika gettext, hakikuwapo. Hicho ndicho kinachogeuza faili za po, anazoandika mfasiri, kuwa faili za mo zinazosomwa na programu. Tulikisakinisha, tukajenga upya. Bado Kiingereza! Tulipoiuliza kompyuta kwa amri ya locale -a, tuligundua kwamba mazingira ya sw_TZ hayakuwa yameandaliwa. Tulipoyaandaa na kuyachagua, Kiswahili kilijitokeza.

Mfasiri wa programu ile alikuwa ametimiza wajibu wake. Kazi yake ilipotea mara mbili njiani, na hakuna aliyepewa taarifa. Mtumiaji angeondoka akiamini kwamba Kiswahili hakijafika huko.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org. Fundisho ninalolichota katika kazi hiyo ni kwamba istilahi na ujenzi haviwezi kutenganishwa: neno halimfikii mtumiaji mpaka programu inayolibeba ijengwe na kuwashwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Wanafunzi wa tafsiri wafundishwe kuijenga programu wanayoifasiri na kuijaribu katika sw_TZ. Na wanafunzi wa kompyuta wafundishwe kuyaeleza makosa ya ujenzi kwa Kiswahili sanifu, ili anayekwama ajue kinachopungua. Lugha yetu tumezoea kuiona ikiwa tegemezi katika teknolojia. Itakuwa tegemeo siku tutakapoangalia, kila tunapojenga, kama nayo imo.