DAFTARI LA HISTORIA
(Hotuba iliyotolewa Ijumbi katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya ufundishaji wa historia. Nitaanza kwa kukiri kosa.

Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya mkoa huu, niliwapa vijana wa kidato cha pili kazi ya kuandika habari za Vita vya Kagera. Kijana mmoja wa hapa Ijumbi alimwuliza bibi yake, akaandika: "Amin aliingia msimu wa senene. Baba mdogo alikuwa mgambo. Alituaga jioni, hakurudi." Nikachukua kalamu nyekundu, nikayapiga mstari maneno hayo, nikaandika pembeni: "Hii si historia. Taja tarehe." Nikampa alama 3 kwa 10.

Mwaka uliofuata bibi yule alifariki. Kijana akaja na daftari lake, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo tarehe nimwulize nani?"

Usiku ule nililiweka daftari kando ya kitabu. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni yake. Na Novemba, kama ajuavyo kila Mhaya, ni mwezi wa senene. Kumbe bibi alikuwa ametaja tarehe! Mimi ndiye sikuisikia. Kitabu kilinieleza kwamba Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Habari za baba mdogo yule hazikuwamo.

Tangu hapo kila mwanafunzi wangu alikuwa na daftari la pekee. Ukurasa wa kushoto aliandika aliyoyasoma au kuyasikia, akitaja nani kasema na lini. Ukurasa wa kulia aliandika mawazo yake: ninaamini nini, nina shaka gani, nimwulize nani. Kila Ijumaa tulitumia dakika 15. Kalamu nyekundu niliiacha. Mimi niliandika swali moja tu.

Sisemi kwamba kila asemalo mzee ni kweli. Wazee husahau, na vitabu navyo huacha mengi. Ndiyo sababu kurasa ni mbili. Lakini kumbukeni Katuruka, hapa hapa mkoani kwetu. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wakisimulia habari za Mukama Rugomora Mahe na ufuaji wa chuma. Wakachimba mahali walipoonyeshwa, wakakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Masimulizi yaliwafikisha penyewe.

Wanafunzi, jioni ya leo mwulizeni mzee mmoja jambo moja, mliandike kabla ya kulala. Nanyi wenzangu wenye mvi, msingoje kuulizwa. Andikeni kurasa mbili za mliyoyaona, mzilete katika maktaba ya shule.

Kijana yule, ambaye sasa ni baba wa watoto, ameniazima daftari lake. Ninalo hapa. Wino wangu mwekundu haujafutika, lakini maneno ya bibi bado yanasomeka. Atakaye na aje alitazame.