Anayekusanya ushuru achunge soko
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama



Wengi wenu mumeuliza: tukifungua fasi ya kuuzishana vitu kwa WhatsApp, na mlanguzi akiingia, kosa ni la nani? Lake peke yake, ama la wenye soko pia? Nitatoa mfano wa Marekani, kwani kule masoko ya intaneti ni makubwa na shida hiyo waliiona mbele yetu.

Mwezi wa tatu 2020, Korona ilipoingia, watu wawili wa jimbo la Tennessee walizunguka duka kwa duka wakinunua dawa ya kusafisha mikono, mpaka wakawa na chupa 17,700. Kwenye Amazon waliuzisha za kwanza kati ya dola 8 na 70. Hawakuiba, walilipa dukani. Lakini nyuma yao wagonjwa na wazee walikuta rafu tupu. Nani aliwasimamisha? Kwanza ni soko lenyewe: Amazon iliondoa matangazo yao. eBay nayo ikakataza kabisa kuuza maski na dawa hiyo. Mwishoni chupa zile zilitolewa bule.

Basi soko linaweza. Mwezi uleule wanasheria wakuu 33 waliandikia Amazon, eBay, Facebook na wengine, wakisema: musingoje serikali itangaze hatari, wekeni sheria mapema, na fungueni fasi ya watu kulalamika.

Mimi nakubaliana nao. Mnunuzi anaona bei moja tu. Mwenye soko anaona nani anauza, vingapi, na jana ilikuwa bei gani. Tena anakula faida. Tuseme soko linakata 15 kwa mia: kwa chupa ya dola 8 linapata dola 1.20, kwa ile ya dola 70 linapata 10.50. Bei ikipanda, naye anashiba. Hawezi kusema, mimi ni mlango tu.

Lakini tuangalie vizuri. Mama anayebeba chumvi toka Uvira mpaka milimani analipa wabebaji, analipa na vizuizi vya njiani. Bei yake kupanda si ulanguzi. Mlanguzi ni yule anayemaliza vitu vya hapahapa ili tuvirudie kwake. Tukiwafunga wote kwa kamba moja, chumvi haitafika.

Kwa hiyo naomba komite isijipe kazi ya kupanga kila bei. Ifanye tatu tu: kiasi cha juu kwa kila mnunuzi wakati wa upungufu, mtu wa kupokea malalamiko, na ruhusa ya kumutoa muuzaji akishasikilizwa.

Kama tutaomba ushuru kwa wauzaji, kazi hiyo ni yetu. Kama hatuitaki, tusikate hata franka moja. Mukate shauri ninyi.