Mzigo wa Matoleo ya Zamani Ubebwe Wapi? Mfano wa MacPorts

Zipo Mac zinazoendesha toleo la 10.6 la mfumo wa Apple, la mwaka 2009, na bado zinafanya kazi. Apple walishaacha kulihudumia, lakini mwenye mashine anataka programu za leo. Homebrew, mfumo wa vifurushi ulioanza mwaka huohuo, unahudumia rasmi matoleo matatu tu ya karibuni ya macOS. Siwalaumu: kila toleo unaloahidi kulihudumia linadai mashine ya kulijaribia na mtu wa kusoma makosa yake. MacPorts, mfumo mwingine wa vifurushi ulioanza 2002 kwa jina la DarwinPorts, haujawafungia mlango watu wa 10.6. Swali langu ni mzigo huo ubebwe wapi.

Tuangalie clock_gettime, kitendakazi cha kuuliza saa ya mfumo. Waandishi wa programu za Linux wamekizoea miaka mingi. Apple walikiingiza katika 10.12, mwaka 2016. Kompaili programu inayokitumia kwenye 10.11 na kompaila itagoma: jina halijulikani. Mtunzaji wa kifurushi anaandika kiraka. Kifurushi cha jirani kinagoma kwa sababu ileile, nacho kinapata kiraka chake. Programu hizo zikitoa matoleo mapya, viraka vyote viwili havikai tena.

MacPorts wakatengeneza maktaba moja, legacy-support, yenye vitendakazi ambavyo mifumo ya zamani haina. Mtunzaji anaongeza mistari miwili kwenye Portfile, faili ya maelekezo ya kujenga kifurushi: wa kwanza unaiita maktaba, wa pili unataja namba 15. Hiyo ni namba ya Darwin, kiini cha mfumo wa Apple: Darwin 15 ndiyo iliyo chini ya 10.11, toleo la mwisho linalohitaji msaada huo. Kuanzia 16, maktaba inakaa pembeni.

Lugha ya C++ ni ngumu zaidi. Apple waligota kwenye GCC 4.2, na maktaba yake ya C++ haijui kanuni za 2011. Kwenye 10.6 inabidi uweke libc++, kisha upande ngazi kwa ngazi, kompaila ya zamani ikijenga iliyo mpya kidogo, hadi ufike kwenye kompaila ya leo. Mashine kuukuu inaweza kukesha na kazi hiyo.

Hata kupakua chanzo ni shida, kwa kuwa curl, programu ya kupakua faili, ya 10.6 haijui TLS 1.2, usimbaji ambao seva nyingi za leo zinaudai. Hapo husaidia seva za nakala zinazotoa faili kwa HTTP ya kawaida. Portfile ina alama ya sha256 ya kila faili, kwa hiyo iliyochezewa njiani hukataliwa. Hilo, hata hivyo, halizibi matundu ya usalama ya mfumo wenyewe, na mtumiaji aambiwe hivyo waziwazi.

Napendekeza mtunzaji asidaiwe kujaribu kifurushi kwenye mashine asiyo nayo. Mwenye mashine ndiye alete kiraka, nacho kipokelewe mradi hakigusi matoleo mapya. Kama kinachokosekana ni kitendakazi cha mfumo, kiraka kisiingie kwenye kifurushi kabisa. Kipelekwe kwenye maktaba ya pamoja.