Mashine Ikigoma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Meru na Embu)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya kompyuta. Kwanza twapenda kuwaondoa hofu. Sisi tunaosimama hapa si mafundi, wala hatukusomea kazi hiyo mahali popote. Sisi ni makarani watatu: mmoja wa ghala, mmoja wa shule, na mmoja wa chama cha akiba na mikopo. Tuyajuayo tumeyajua kwa kuharibikiwa, tena mara nyingi.

Sababu ya kulileta jambo hili chamani ni hii. Mwenzetu mmoja, karani upande wa Embu, alifika kazini siku ya Jumatatu akakuta kioo cha kompyuta ni cheusi. Akamwarifu mkubwa wake, kama ilivyo haki. Mkubwa akajibu kwamba Ijumaa mashine ilikuwa nzima, na aliyekuwa nayo ni yeye, basi ameiharibu. Fundi akaitwa kutoka mjini, naye akafika siku ya tatu. Siku zote hizo watu waliokuja kutaka risiti zao walirudi mikono mitupu, na lawama ilimwangukia yule karani, si fundi wala mkubwa. Fundi alipokuja alishika waya wa kioo kwa nyuma, akausukuma ndani, akaukaza, kioo kikawaka. Kumbe Jumamosi mtu wa kufagia alisogeza meza. Fundi akaandika hesabu yake pamoja na nauli, na hesabu ile ikakatwa katika mshahara wa karani.

Habari ya mshahara tutairudia. Sasa tuseme juu ya ule waya.

Mashine haigomi bila sababu, kama sisi tusivyogoma bila sababu. Na sababu mara nyingi ni ndogo, iko nje, yaonekana kwa macho. Kwa hiyo anza na stima. Usiseme tu, "Stima ipo, maana taa inawaka." Chomoa plagi ya kompyuta, chomeka pale pale chaja ya simu yako, uone kama simu inakula moto. Isipokula, basi aliyekufa ni soketi au ule waya wa matundu mengi, si kompyuta. Ukitoka hapo tazama nyuma ya sanduku la kompyuta. Mengi yana swichi ndogo yenye alama mbili, kijistari na duara. Kijistari ni kuwaka, duara ni kuzima. Mtu akipangusa vumbi aweza kuigusa asijue. Kisha tazama kioo chenyewe. Kikiwa na taa ndogo ya rangi ya machungwa, maana yake kioo kinapata stima lakini hakipati habari kutoka kwa kompyuta. Hapo kaza waya wa katikati, pande zote mbili. Mwenzetu wa Embu angalijua hayo matatu, angalifungua dirisha lake saa mbili na robo.

Kompyuta ndogo ya kubeba nayo hufanya ukaidi wake: taa inawaka, kioo hakitoi kitu. Chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie nusu dakika nzima, achilia, rudisha chaja, uwashe tena. Msicheke. Jambo hili limetuokoa mara nyingi kuliko jambo lolote lingine, maana huondoa ile stima iliyobaki ndani na kuifanya mashine ianze upya.

Kuzima na kuwasha si ujinga, ingawa mafundi wengine huficha kwamba nao hufanya vivyo hivyo. Mashine ikishikwa na programu moja isiyosonga, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, utaona mahali pa kuifunga hiyo programu peke yake. Vitufe hivyo vitatu vilipangwa na mhandisi David Bradley wa kampuni ya IBM, zamani walipokuwa wakitengeneza ile kompyuta yao iliyotoka mwaka 1981. Alivipanga kwa ajili ya wenzake waliochoka kuzima na kuwasha mashine kutwa. Ni njia ya mkato ya wafanyakazi waliotaka kumaliza kazi yao, ikaenea dunia nzima.

Sasa twaja kwenye shida iliyotusumbua kuliko zote, nayo ni saa. Wengi wenu mwatumia mashine za zamani zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Stima ikikatika usiku, asubuhi mashine inawaka vizuri, lakini ukifungua iTax au eCitizen unaambiwa mahali hapo si salama. Watu hudhani mtandao umeharibika, au bando limekwisha, au wamefungiwa. Wengine hupanda matatu kwenda saiba Nkubu au Runyenjes kwa kazi ya dakika tano. Tazama saa iliyo pembeni mwa kioo, chini upande wa kulia. Pengine utaona mashine inasema ni mwezi wa Januari, mwaka 2010. Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Kila mahali pa mtandaoni palipo salama pana hati yake, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayodhani tuko mwaka 2010 ikiiona hati ya mwaka huu, inaona ni hati ambayo haijaanza, inaikataa. Mashine haina kosa. Imepotea tarehe tu. Rekebisha tarehe na saa, hakikisha imeandikwa saa za Nairobi, fungua tena.

Lakini kesho stima ikikatika, itapotea tena. Dawa yenyewe ni betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, iliyo ndani ya sanduku. Kazi yake ni kuilinda saa wakati hakuna stima. Kwa kawaida imeandikwa CR2032, nayo ni ya volti 3. Bei yake ni ndogo. Zima, chomoa plagi ukutani, fungua ubavu wa sanduku, toa ya zamani, ukitazama ulikuwa umeelekea wapi ule upande wenye maandishi, weka mpya vile vile. Karani wetu wa shule alifanya hivyo katika mashine tisa kwa alasiri moja, na ameziandika zote.

Printa tusizikawize sana. Wenzetu wa Githongo, Kionyo na Maua wajua ukungu ulivyo huko miezi ya mvua. Karatasi hunyonya maji hewani, zikajikunja, zikashikana, printa ikazimeza mbili mbili. Weka karatasi ndani ya mfuko wake mpaka saa ya kutumia, zipunge kidogo kabla ya kuzitia. Iliyokwama ivute polepole kwa mikono miwili, ukifuata njia iliyokuwa ikienda, usiichane, kwa kuwa kipande kimoja kikibaki ndani kitakula siku nzima. Na printa ikinyamaza, usiiamuru mara kumi. Amri zote kumi zinapanga foleni, na ya kwanza ikikwama, zote zimekwama. Futa foleni yote, zima vyote viwili, washa, kisha iamuru mara moja tu.

Kompyuta ikiwa nzito, tazama kwanza kama diski imejaa. Katika ofisi moja tulikuta video za arusi tatu, wala arusi yenyewe haikuwa ya mtu wa ofisi hiyo. Na flashi ikiingia virusi, mafaili yote yakageuka kuwa vialama vidogo visivyofunguka, usilie wala usikubali mtu aifute. Mara nyingi kazi yako ingalimo, imefichwa tu. Usibonyeze vile vialama. Iambie mashine ionyeshe vitu vilivyofichwa, nakili vilivyo vyako, ndipo uisafishe flashi kwa ile programu ya ulinzi iliyo ndani ya Windows yenyewe.

Wadudu nao ni shauri kubwa kwetu. Sanduku la kompyuta lina joto, na sisimizi, mende na mijusi hupenda joto. Mahali pa vumbi jekundu kama Siakago na Ishiara, vumbi na wadudu hushirikiana kuziba feni, mashine ikapata moto ikajizima yenyewe. Izime, ichomoe, fungua, pangusa kwa brashi laini ya rangi, wala usitumie kitambaa chenye maji. Shida hii haikuanza Mbeere. Tarehe 9 Septemba 1947, huko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliokuwa wakiiendesha mashine kubwa iitwayo Mark II walikuta nondo amenasa katika swichi yake moja. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe ndani ya daftari la kazi, wakaandika na saa. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho huko Washington.

Tumewatajia nondo huyo kwa ajili ya lile daftari. Kila meza yenye kompyuta na iwe na daftari lake. Shida ikitokea, andika tarehe, saa, na maneno yale yale yaliyotokea kwenye kioo, neno kwa neno pamoja na nambari zake. Usiandike "imekataa." Maneno hayo ukiyatafuta katika simu yako, mara nyingi utawakuta watu waliopatwa na jambo lilo hilo wakaeleza walivyoliponya. Lakini ukiona tangazo lenye nambari ya simu, likisema mashine yako ina virusi, nawe upige upesi, hao ni wezi. Usipige, wala usimpe mtu neno lako la siri.

Kuna mahali pa kusimama. Kile kisanduku cha chuma kinachopokea stima ndani ya kompyuta usikifungue kamwe, hata kama plagi imechomolewa, maana hushika stima inayoweza kumdhuru mtu. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa, ita fundi. Radi ikianza, chomoa vyote, na stima ikirudi baada ya kukatika, ngoja dakika chache kabla ya kuwasha. Diski ikianza kugonga kama saa mbovu, usiendelee kuijaribu. Omba fundi wa kweli. Na mashine yenye majina na hesabu za wanachama isipelekwe kwa mtu wa barabarani bila ruhusa ya maandishi, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda habari hizo. Kadhalika kama mashine yatumia Windows 10, kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo si lako kuliponya. Mwandikie mwajiri barua, ubaki na nakala.

Turudi kwa mwenzetu na mshahara wake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini kama uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Waya uliolegea kwa kusogezwa meza si kosa la makusudi, tena hakuna kilichoharibika. Tena makato yote kwa pamoja hayapasi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Na ikiwa mwajiri ataka kumfukuza mtu kwa kosa, kifungu cha 41 chamlazimu kwanza kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Tuliyasema hayo ofisini kwa upole, fedha zikarudishwa mwezi uliofuata. Lakini tulihangaika sana kuthibitisha mambo yalivyokuwa, kwa kuwa hapakuwa na maandishi hata mstari mmoja. Mkubwa alisema lake, karani alisema lake, na fundi alikuwa amekwisha kwenda zake. Sasa karani huyo ana daftari, na mkubwa wake hulitia sahihi kila Ijumaa.

Wanachama waliokuja na mashine zao wazilete kwenye ile meza ya nyuma, moja moja. Tuna betri chache za saa, brashi mbili na bisibisi. Zile tusizoziweza tutawaambia wazi.