Zana za Kuchukua Nyikani na Porini
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo, Jeddah, usiku wa kuamkia safari ya milimani

Wazee wetu watukufu, mama zetu, ndugu zangu wa Riyadh mliosafiri kilomita zaidi ya 900 kuja kwetu Jeddah, wageni wetu wa Mombasa, Muscat, London na Marekani, na ninyi watoto ambao idadi yenu imetushinda sote.

Kamati imenitaka niseme machache juu ya vitu vya kuchukua katika safari yetu ya kesho ya kwenda msitu wa Raghadan, huko Al-Baha. Vijana waliandika orodha yao wakaniletea niipitie. Nimeipitia. Ni orodha ndefu, na imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Ina panga mbili, shoka, visu saba, jambia la babu linalotundikwa ukutani kwa shangazi yetu, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama kwamba mwandishi aliona haya, bastola. Beleshi halimo. Filimbi haimo. Maji yameandikwa «ya kutosha».

Nitaanza na bastola, kwa kuwa habari yake ni fupi. Mpwa wangu anayeishi Marekani ameniambia kwamba huko kwao mtu akiingia msituni huvaa silaha kiunoni kwa ajili ya dubu. Sikumcheka. Nchi yenye dubu ina mambo yake. Lakini hata huko Alaska, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba dawa ya pilipili ya kupuliza ilimzuia dubu wa kahawia katika visa 92 kwa kila 100, na walioitumia karibu wote walitoka salama. Bastola inataka mkono usiotetemeka na shabaha ya mtu aliyefanya mazoezi. Ni wangapi kati yetu wanayo? Na hapa tulipo, Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 2005 inakataza mtu kumiliki au kubeba bunduki au bastola bila ya kibali. Sisi wengi wetu ni watu wa ikama. Kijana atakayekutwa na kitu hicho garini hataharibu safari peke yake, ataharibu riziki ya baba yake. Basi hilo nimelifuta, na wino wangu ni mweusi.

Tena tumwogope mnyama gani? Mbwamwitu wa Arabuni yupo, ila humkimbia mtu na kuwaandama mbuzi. Tutakaowaona kwa hakika ni nyani, wale wenye manyoya ya kijivu mabegani kama joho, ambao wenzao wako Ethiopia na Somalia ng'ambo ya bahari. Nyani hawa wamezoea magari, nao watafungua mlango wakiona ndizi. Dawa yao ni sanduku lenye kifuniko cha kubana na mkono usiowarushia chakula, kwani kuwalisha kumekatazwa na ndiko kulikowaharibu. Bakora ya mzee yeyote hapa itatosha kwa yaliyosalia.

Sasa niseme juu ya panga. Nalipenda panga. Nimekulia Pwani, na katika shamba la minazi panga ndilo kisu, shoka, jembe na nyundo. Bati lake ni jembamba, na chuma chake hakikufanywa kigumu mno, makusudi, ili mkulima aweze kulinoa kwa tupa akiwa amekaa kwenye kisiki. Wazee wetu walilijua lile lenye alama ya mamba kutoka Birmingham, nalo lilirithiwa hadi likabaki jembamba kama ukucha. Ila panga limezaliwa kwa ajili ya nchi ya majani mabichi, vichaka na migomba. Nchi ya Najd haina kichaka cha kufyeka. Kuna mgunga, na mgunga mkavu hulirudisha panga kama jiwe. Huko Raghadan mtakuta mti mwingine, nao utawashangaza ninyi mliotoka Kenya: ni mtarakwa, ule ule wa Aberdare na Mau, ambao mbao zake zilitengenezewa penseli na nguzo zake hazilliwi na mchwa kwa urahisi. Umevuka bahari kabla yetu sisi, ukakaa juu ya milima ya Sarawat zaidi ya mita 2,000, haukuomba ikama. Nilipouona mara ya kwanza niliukumbatia, na aliyekuwa pamoja nami ni shahidi.

Mti huo hatutaukata. Hata tawi lake kavu hatutalichukua. Tangu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2020 kuna kikosi maalumu cha kulinda mazingira, na faini ya kusafirisha au kuuza kuni za miti ya nchi hii hufika riyali 16,000 kwa mita moja ya ujazo. Tutanunua kuni zilizotoka nje ya nchi, na moto tutauwasha mahali palipotengwa tu. Kwa hiyo panga zote mbili zitabaki Jeddah, na shoka pamoja nazo. Katika visu saba tutachukua viwili: kimoja cha jikoni, kilichonolewa na kutiwa ala, na kimoja cha kukunja cha kukatia kamba. Kisu butu hukata vidole kuliko kikali, kwa kuwa mwenye nacho hukisukuma kwa nguvu. Wala kisu kisitumike kumchanja mtu aliyeumwa na nyoka, wala jeraha lisinyonywe, wala mguu usifungwe kamba ya kubana. Aliyeumwa alazwe, atulizwe, asitembezwe, na ipigwe simu 997. Dawa ya sumu hiyo inatengenezwa papa hapa katika ufalme huu, Riyadh.

Limebaki jambia la babu.

Naomba radhi kwa shangazi, kwa kuwa nitayasema haya nyumbani kwake. Watoto wa ukoo huu wameambiwa kwamba ncha ya jambia lile ilivunjika vitani. Nimesikia vita tatu tofauti, na moja kati ya hizo babu angekuwa na umri wa miaka minne. Ndugu zangu, ncha ile haikuvunjika vitani. Niliivunja mimi, mwezi wa Mei mwaka 1996, kwenye chuma cha jeki, katika mchanga wa Dahna.

Wengi mnajua kwamba tulikwama. Namna tulivyokwama hamjaambiwa. Tulitoka Riyadh Alhamisi asubuhi, wakati huo Alhamisi na Ijumaa zikiwa ndizo siku za mapumziko, watu watatu: mimi, binamu yetu, na marehemu mdogo wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 19. Tulikuwa tunakwenda kuona ngamia wa mtu tuliyefanya naye kazi. Tulipita Rawdat Khuraim, ambako miti ni mingi na ardhi ni ngumu, kisha tukaingia kwenye ule mchanga mwekundu unaoanzia Nafud kaskazini ukashuka hadi Rub al-Khali. Aliyepakia gari ni mimi. Nilipakia mchele, nyama ya mbuzi, makaa, panga, shoka, na jambia, kwa sababu nilitaka tupigwe picha nalo juu ya tuta. Maji nilichukua dumu moja la lita 20, na nusu yake tukapikia na kuoshea vyombo.

Gari lilizama saa tisa mchana. Lilikuwa gari zima, halina kosa. Mwenye ujuzi angepunguza upepo wa magurudumu kutoka 35 hadi 15 hivi, tairi likatandazika kama unyayo wa ngamia, akatoka polepole. Nasi tulilijua hilo. Hatukuthubutu kulifanya, kwa kuwa hatukuwa na pampu ya kuujaza tena na barabara ya lami ilikuwa mbali. Tukatia jeki, jeki ikazama, kwa kuwa hatukuwa na ubao wa kuiwekea chini. Tukachimba kwa mikono na kwa kifuniko cha sufuria. Panga halichoti mchanga. Shoka halichoti mchanga. Mwisho nikachukua jambia, silaha ambayo fundi wake aliipinda ili ikae vizuri kwenye mshipi wa bwana harusi, nikachimbia chini ya gurudumu hadi ikagonga jeki. Huo ndio uliokuwa mlio wa vita vyenu.

Alfajiri ya Ijumaa mdogo wangu alisema atakwenda kutafuta watu. Nilipaswa kumkataza. Gari huonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Kila Bedui anajua kwamba aliyekwama hukaa na gari lake. Sikumkataza. Alichukua chupa moja ya maji akatuachia mbili, akafunga jambia kiunoni. Nilimwuliza la nini, akanijibu kwamba huenda akakutana na mbwa. Sisi tulipatikana baada ya Adhuhuri na mchungaji aliyepita na gari lake la wazi. Yeye alipatikana magharibi, kiasi cha kilomita 11 upande usiokuwa na barabara, amelala chini ya mgunga. Mchungaji yule ndiye aliyefuata nyayo zake, na hakukubali kupokea hata riyali moja.

Alipona, ndivyo tulivyosema wakati ule. Mafigo yake hayakurudi kama yalivyokuwa. Mnakumbuka miaka ya Mombasa, siku mbili kila wiki za kusafishwa damu, na mnaukumbuka mwaka 2004 tulipomzika. Katika miaka yote hiyo watu wa Jeddah wamesema kwamba watu wa Riyadh walitupa gari bovu, na watu wa Riyadh wamenyamaza kwa adabu, nami nimekaa katikati yao nikala sinia moja na wote wawili. Gari halikuwa bovu. Mwenye gari yumo humu ndani, ameketi karibu na mlango, na miaka yote hii hajanitaja. Nakuomba msamaha, ami, mbele ya watu wale wale waliokusema.

Nilipomwambia shangazi jana kwamba nitayasema haya, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mtoto alikuwa na kiu alipolala. Sikujua nimjibu nini.

Jambia litabaki ukutani, ncha ikiwa imevunjika kama ilivyo. Ni kitu cha thamani. Ndugu zetu wa Oman ufundi wa hanjari yao uliandikwa na UNESCO mwaka 2022, na watu wa Najran hulivaa la kwao katika furaha zao hadi leo. Bwana harusi wa ukoo huu na alivae. Milimani haliendi.

Basi orodha mpya ni hii, na nimeiandika kwa mkono wangu. Kila gari beleshi moja la mpini mfupi, ubao wa kuwekea jeki, pampu ya upepo, kamba ya kuvutia, na maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na juu yake dumu moja lililofungwa ambalo halipikiwi wala haliogewi. Msiniambie kwamba Al-Baha ni lami mtindo mmoja; kurudi, magari ya Riyadh yatapita nyikani tena. Kila mtoto atavaa filimbi shingoni, kwa kuwa ukungu wa Raghadan huja ghafla, na ukingo wa jabali unaoitazama Tihama hauna huruma na mtoto anayekimbia. Tochi moja kwa kila watu wawili. Makoti, kwani usiku wa huko si wa Jeddah. Makaa hayaingizwi hemani hata kama baridi itawauma, kwa sababu moshi wake usioonekana huua watu waliolala. Na mahema hayapigwi bondeni kwenye njia ya maji, hata mbingu ikiwa nyeupe. Hapa Jeddah tuliyaona mafuriko ya Novemba 2009 yaliyochukua zaidi ya watu 100 katika mvua ya saa chache.

Magari yataondoka baada ya sala ya Alfajiri, kwa njia ya Taif. Nitakuwa mlangoni tangu saa kumi, nami nitafungua kila buti kabla ya mtu kuwasha gari, kuanzia la kwangu. Wenye visu vile viwili wavilete usiku huu, kinoo ninacho.